Daraja la Mbao la Kinsol

Mtu aliyelelewa pwani, ambako boriti za mikoko ndizo zibebazo dari za majumba ya mawe, hana haja ya kuambiwa kuwa mti ukitunzwa huishi kuliko aliyeukata; lakini hata yeye, akijaliwa kufika katika kisiwa cha Vancouver, magharibi ya Kanada, akasimama mbele ya daraja la Kinsol, hatakosa kustaajabu, kwa maana hapo mti umetwikwa kazi ambayo sisi tumezoea kumwachia fundi wa chuma. Daraja hilo la mbao lavuka bonde la mto Koksilah kwa urefu wa mita 188, na kutoka chini hadi juu lina mita 44, yaani kadiri ya minazi miwili mirefu iliyopandana. Nalo ni miongoni mwa madaraja makubwa kabisa ya mbao yaliyopata kujengwa duniani kwa ajili ya gari la moshi.

Kuliendea si taabu. Karibu na ziwa Shawnigan msafiri huacha motokaa yake, akashika njia pana ya changarawe ipitayo msituni, na baada ya kilometa moja na kidogo amefika. Wazee huenda na mikongojo yao, na watoto huenda mbio, wala hakuna atwetaye. Sababu ni kwamba njia hii haikukatwa kwa ajili ya miguu: ni tuta la reli ya zamani, lililoondolewa vyuma vyake na mataruma yake. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza, na huko kuteleza ndiko faida yake na ndiko udhaifu wake. Uwandani injini moja huburura mzigo wa mamia ya punda, ilhali mlimani hushindwa mahali ambapo punda mmoja angepanda bila kujali. Ndipo wapimaji wa reli, aghalabu, wakakataa njia isipande zaidi ya mita 2 hivi katika kila mita 100: palipoinuka wakapasua, palipobonyea wakajaza udongo, kilima kilichowashinda wakakizunguka, na bonde lisilojazika wakalijengea daraja. Mwenye kutembea leo, akitazama kwa makini, ataisoma hesabu hiyo yote ardhini, maana mara kingo mbili zilizoota kuvumwani na makangaga zimempita kichwa, na mara ardhi imeporomoka kuume na kushoto, naye yuko juu ya tuta, uso wake sawa na matawi ya miti iliyosimama bondeni.

Miti hiyo ndiyo iliyoleta reli. Misitu ya kisiwa hicho ilijaa misonobari na mierezi ya umri wa karne nyingi, minene hata watu kadhaa wakishikana mikono wasiikumbatie, na wenye mali walitafuta namna ya kuyafikisha magogo yake sokoni. Kazi ya daraja ilianza mwaka 1911, vita vikuu vya kwanza vikaichelewesha, na haikutimia mpaka mwaka 1920. Wahandisi ndio waliochora, lakini waliopanda juu na nyundo na misumeno walikuwa wakulima na wakata magogo wa pale pale, watu waliojua tabia ya mti kabla ya kujua tabia ya daraja.

Jina lenyewe lina kisa. Jirani palikuwa na machimbo madogo ya madini ambayo wenyewe, kwa matumaini makubwa kuliko mapato, waliyaita kwa jina la Mfalme Sulemani. Maneno mawili ya Kiingereza yenye maana hiyo yakakatwa na kuunganishwa, likatoka Kinsol. Msomaji aliyekisoma kitabu cha Haggard katika tafsiri yake ya Kiswahili, Mashimo ya Mfalme Sulemani, atatabasamu kuona jinsi ndoto ile ile ya utajiri ilivyovuka bahari mpaka kwenye misitu ya Kanada.

Kinachoshika jicho kwanza mtu akifika ni kwamba daraja halikunyooka, bali limepinda kama upinde wa mshale, kwa kuwa reli iliingia bondeni ikielekea upande mmoja na ilipasa kutoka ikielekea mwingine. Basi kila safu ya nguzo ilibidi isimamishwe kwa mshazari kidogo kuliko jirani yake. Mwenye kushuka kijia cha kando na kutazama kutoka chini ataona nguzo za pembeni zimetanua miguu, mithili ya hamali anayejiweka tayari kupokea gunia, na baina yake mihimili imepishana na kukazwa kwa misumari minene ya parafujo.

Gari la mwisho lilipita mwaka 1979. Baada ya hapo mvua, ambayo huko haina haya, ikajikusanya katika viungo, kuvu likala mbao kwa ndani, na moto nao ukachoma sehemu. Ukafika wakati ambapo kubomoa kulionekana kuwa rahisi kuliko kutengeneza. Lakini wenyeji walikataa, wakachangishana fedha, wakaishughulisha serikali, na mafundi wa mbao wakaletwa kukagua nguzo moja moja: iliyooza ikatolewa, iliyo nzima ikaachwa, mpya ikatiwa palipo na pengo. Mwezi wa Julai 2011 daraja likafunguliwa tena, kwa waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa farasi.

Kwa hiyo daraja haliuawi na uzee, huuawa na kukosa kazi, kwa kuwa pasipopita mtu hapana aonaye ubao uliooza. Nasi twalo la kujifunza, na tumekwisha kuanza: huko Sigi, chini ya Amani katika milima ya Usambara, reli ndogo ya Wajerumani imetoweka, lakini nyumba ya mkuu wa stesheni ingali imesimama, kwa sababu imepewa kazi ya kupokea wageni wa msitu.