Je, Wajua? Jumba la Grogan huko Taveta

Je, wajua kwamba juu ya kilima kilichoinuka katika tambarare za Taveta, mahali ambapo jicho huutazama Mlima Kilimanjaro na kulifikia Ziwa Jipe, lasimama jumba adhimu alilolijenga katika miaka ya 1930 Mwingereza Ewart Grogan, yule aliyehitimisha mwaka 1900 safari yake mashuhuri ya kutoka Cape hadi Cairo? Kwa kuwa kilima hupokea upepo, na kuta nene huzuia hari ya nyika, makao yale yalikuwa na faraja. Lakini mashamba ya mkonge ya bwana huyo yalistawishwa kwa jasho la vibarua, nao, kwa insafu, wastahili kutajwa kila isimuliwapo tarehe ya jumba hilo.