Kuelekeza Madirisha ya Programu Mara Eneokazi la Linux Linapofunguka

Mtumiaji wa mfumo endeshi wa Linux anaweza kuagiza programu zijifungue zenyewe mara tu anapoingia kwenye akaunti yake. Utaratibu wenyewe ni mwepesi: faili fupi yenye tamati ya .desktop huwekwa katika folda ya ~/.config/autostart, na eneokazi hutekeleza amri iliyo katika mstari wa Exec. Hata hivyo, faili hiyo hueleza programu ipi ianzishwe. Haisemi dirisha lake likae wapi wala liwe na ukubwa gani.

Ugumu huu unatokana na ukweli kwamba programu na dirisha ni vitu viwili. Programu hutangulia, ikasoma faili zake, ndipo iombe dirisha. Wengi huandika skripti inayoanzisha programu, ikasubiri sekunde 5 kwa amri ya sleep, kisha ikatumia wmctrl kulisogeza dirisha. Skripti hiyo hufaulu kompyuta inapokuwa na kasi, na hushindwa siku ambayo diski imelemewa, kwa sababu amri ya kusogeza hufika kabla dirisha halijakuwapo. Kuongeza sekunde si tiba. Ni kubahatisha kwa muda mrefu zaidi.

Njia thabiti ni ya kanuni. Devilspie2, kwa mfano, hungoja dirisha lifunguke, ndipo itekeleze maelekezo yaliyoandikwa kwa lugha ya Lua. Hapa utambulisho wa dirisha ndio kiini cha jambo. Kichwa cha dirisha hakiaminiki, kwani cha kivinjari hubadilika kwa kila ukurasa. Sifa ya WM_CLASS kwa kawaida haibadiliki. KWin, meneja wa madirisha wa KDE, hutenganisha pia kanuni inayotumika mwanzoni tu na ile inayolazimisha daima. Ya kwanza humwachia mtumiaji uhuru wa kulihamisha dirisha baadaye, na mara nyingi ndiyo inayofaa.

Mabadiliko makubwa zaidi yameletwa na Wayland, itifaki iliyoasisiwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008. Chini ya X11, itifaki ya mwaka 1987, programu yoyote iliyounganishwa na seva iliweza kusogeza madirisha ya programu nyingine, na hata kunasa herufi zinazochapwa humo. Wayland imeufunga mlango huo. Programu ya kawaida haijui hata dirisha lake liko wapi kwenye skrini. Anayeamua ni kompozita, yaani programu inayounganisha picha za madirisha yote. Usalama umeongezeka, lakini wmctrl sasa huyafikia tu madirisha yanayopitia XWayland. Kwa mtu mwenye ulemavu wa mikono, ambaye kila mburuto wa kipanya humgharimu nguvu, hasara hiyo si ndogo.

Kanuni, basi, hazina budi kuhamia kwenye kompozita. KWin imezihifadhi. Katika Sway, mstari mmoja wa usanidi unatosha:

assign [app_id="thunderbird"] workspace number 2

Hapo app_id huchukua nafasi ya WM_CLASS, na thamani yake husomwa kwa amri ya swaymsg -t get_tree. GNOME huhitaji kiendelezi, kama vile Auto Move Windows, ambacho huchagua nafasi ya kazi bila kugusa ukubwa wa dirisha. Kwa kuwa kila kompozita ina sarufi yake, anayehama kutoka GNOME kwenda Sway hulazimika kuandika kanuni zake upya.