Mjue Atakayesoma Kabla Hujaandika Somo

Alikuwa mwalimu wa hisabati wa darasa la tano, na kozi aliyokuwa akiifungua nilikuwa nimeisanifu mimi. Nilikaa kando yake kimya, nikimtazama. Faili la somo lilipofunguka kwenye simu, maandishi yalikuwa madogo kama punje za ulezi. Akayapanua kwa vidole viwili. Yakakua, ila mstari haukuenea tena kwenye kioo: akausukuma kushoto apate mwisho wake, akaurudisha kulia atafute mwanzo wa mstari wa pili, akapotea, akaanza upya. Aya moja ilimchukua dakika nne. Kisha akaniuliza kwa upole, “Mwalimu, hii numereta ndiyo kiasi au ndiyo asili?”

Mtu huyu hufundisha sehemu kila mwaka, tena kwa Kiswahili, kama ilivyo katika shule nyingi za msingi za Tanzania Bara. Hesabu anaijua. Kilichopungua ni mimi kumjua yeye, na nilikuwa nimekwisha kuandika moduli sita.

Kazi niliyoiruka huitwa uchambuzi wa walengwa. Walter Dick na Lou Carey, katika kitabu chao cha usanifu wa mafunzo cha mwaka 1978, waliipa hatua yake maalumu, kabla ya kuandika malengo ya somo. Darasani mwalimu akikosea kipimo huona nyuso zimekunjamana, akarudi nyuma, akabadili mfano. Msanifu wa kozi ya mtandaoni haoni uso wowote. Asiyeelewa hufunga simu tu, wala hakuna atakayejua ni aya ipi iliyomshinda. Ndiyo maana kumjua mapema ni lazima.

Hojaji nyingi huuliza umri, jinsia, kiwango cha elimu, na kama mtu ana simu janja. Majibu hayo hujaza jedwali vizuri, ila hayakuelekezi uandike nini. Mimi sasa nauliza habari za jana. Jana ulinunua bando gani, na liliisha kwa kazi gani? Simu ilikuwa mkononi mwa nani saa mbili usiku? Mara ya mwisho kusoma jambo la kazi kwenye simu ulikuwa wapi, na nini kilikukatiza? Ukimuuliza mtu kama ana intaneti atasema ndiyo, na hadanganyi. Ukimuuliza habari za jana ndipo unapogundua kwamba video yako ya dakika arobaini ingemmalizia bando kabla hajafika katikati.

Lakini la uzito zaidi kuliko bando ni kile anachokijua tayari. Mwanasaikolojia David Ausubel alikitaja mwaka 1968 kuwa ndicho kinachoathiri kujifunza kuliko kingine chochote, na kazi yangu imenionyesha hivyo hivyo. Mwaka 2003 Slava Kalyuga na wenzake waliandika jambo ambalo wasanifu wengi hulisahau: maelezo ya hatua kwa hatua yanayomwokoa anayeanza yanaweza kumkwamisha mzoefu, kwa kuwa humlazimisha kupitia upya mambo ambayo kichwa chake kimekwisha kuyapanga. Kwa hiyo jaribio fupi la mwanzoni, maswali matano yenye mifano ya kazini kwao, lina faida kuliko kurasa tatu za takwimu binafsi.

Kuna swali moja ninalolifuta kila nikilikuta: “Je, hujifunza zaidi kwa kuona, kusikia au kutenda?” Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, wakiongozwa na Harold Pashler, walipitia tafiti za mitindo hiyo, wakakosa ushahidi wa kutosha wa kumgawia kila mtu somo kwa mtindo wake. Nafasi ya swali hilo iachie lugha: maneno gani mnayatumia mkiwa ubaoni?

Moduli zile niliziandika upya. Kiasi na asili zikarudi mahali pake, maandishi yakajipanga yenyewe kulingana na upana wa kioo, sauti ikawekwa ili ipakuliwe mara moja na kusikilizwa bila bando. Nikarudi kwa mwalimu yule. Safari hii kidole gumba kilipanda na kushuka tu. Alipomaliza ukurasa wa pili akainua macho: “Mwalimu, haya ya mwanzo nayafundisha kila mwaka. Naweza kuruka hadi somo la nne?”

Kitufe cha kuruka sikuwa nimekiweka. Nilikiweka jioni ile ile.