Neno 'bag' mpakani: Jina moja, uzito tofauti

Wafanyabiashara wa Mbale na Jinja wanaouza nafaka na kahawa nje ya Uganda hukutana na neno moja fupi la Kiingereza karibu katika kila karatasi: 'bag'. Neno hilo lina maana nyingi, na kutoelewana juu yake kunaweza kula faida ya safari nzima.

Asili ya neno

Wataalamu wa lugha hulihusisha na 'baggi', neno la kale la Skandinavia lililomaanisha furushi. Katika jamii hiyo hiyo ya maneno limo 'baggage', yaani mizigo ya msafiri. Kiswahili kimelichukua likawa 'begi', lakini kwa mkoba wa nguo au wa shule. Mzigo wa sokoni huitwa gunia, neno lenye asili ya India. Kwa Waganda gunia ni 'kkutiya', na mfuko wa plastiki ni 'kaveera'. Vyote hivyo, kwa Kiingereza, ni 'bag'.

Mahindi: kilo 90 au 100?

Upande wa Kenya, bei ya mahindi kwa miaka mingi imetajwa kwa gunia la kilo 90. Uzito huo unakaribiana na ratili 200 za vipimo vya zamani vya Kiingereza, ambazo ni kilo 90.7. Upande wa Uganda, gunia la mahindi kwa kawaida huhesabiwa kuwa kilo 100.

Chukua mfano wa muuzaji wa Mbale anayekubaliana kwa simu na mnunuzi wa Kenya kuhusu 'bag' 300, bila kutaja kilo. Akipakia magunia ya kilo 100, lori litabeba kilo 30,000. Mnunuzi akilipa bei ya gunia la kilo 90, atakuwa amelipia kilo 27,000 tu. Tani 3 zimevuka Busia au Malaba bure.

Tatizo huzidi pale gunia linapojazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba juu. Tanzania huliita lumbesa, na Wakala wa Vipimo nchini humo hulipiga vita kwa sababu mkulima hulipwa gunia moja huku akitoa zaidi.

Kahawa: kilo 60, lakini za nini?

Katika takwimu za Shirika la Kimataifa la Kahawa, 'bag' ni kilo 60 za kahawa safi iliyokobolewa. Hata hivyo, Colombia hufungasha kilo 70.

Kwa mkulima wa Mlima Elgon anayepeleka Mbale arabika yenye ganda, hesabu hubadilika. Kwa kipimo cha shirika hilo, kahawa ya ganda hutoa asilimia 80 ya uzito wake ikikobolewa. Hivyo 'bag' moja ya kilo 60 huhitaji kilo 75 za ganda. Kwa robusta ya Busoga, eneo la Jinja, iliyokaushwa na tunda lake na kuitwa kiboko, kipimo ni nusu: zinahitajika kilo 120.

Sukari ya Kakira, karibu na Jinja, na saruji ya Tororo hazina utata mwingi. Mfuko wa kawaida ni kilo 50, na uzito umechapishwa juu yake.

Forodhani

Katika tamko la forodha, 'bag' ni aina ya kifungashio tu, na alama yake ya kimataifa ni BG. Haielezi uzito. Katika fomu ya tamko, uzito wa mzigo pamoja na kifungashio huandikwa kisanduku namba 35, na uzito wa bidhaa peke yake kisanduku namba 38. Gunia la juti lenyewe linaweza kukaribia kilo moja, kwa hiyo magunia 300 yanaweza kuleta tofauti ya karibu kilo 300 kati ya visanduku hivyo viwili.

La kufanya

Kabla ya kupakia, ni vyema pande zote mbili ziandike mambo matatu: idadi ya magunia, kilo halisi katika kila gunia, na hali ya bidhaa. Bei nayo itajwe kwa kilo. Ujumbe mfupi wa simu wenye maneno 'magunia 300, kila moja kilo 90 bila kifungashio, mahindi makavu' unatosha kuzuia ugomvi mizani itakaposomwa upande wa pili.