Je, Wajua? Chang'aa na Dawa Yake

Enzi za ukoloni, pombe kali waliyopika Wanubi wa Kibera ilivuma Nairobi nzima. Pombe ya aina hiyo, chang'aa, ilipigwa marufuku mwaka 1980, ikahalalishwa 2010, mradi iuzwe katika chupa ya glasi isiyopungua mililita 250. Itafute chupa hiyo vichochoroni mwa mtaa wa Kawangware, kama utaiona! Hatari kuu ni ikichanganywa na methanoli: ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki inayoharibu neva za macho, mlevi akauliza nani kazima taa, kumbe ni mchana. Ajabu ni kwamba daktari aweza kumtibu kwa ethanoli, yaani pombe yenyewe, ili ini lishughulike nayo kwanza huku methanoli ikiondolewa mwilini, mara nyingi kwa mashine ya kusafisha damu.