Isangi: watu wakipungua, nani atapanda mchikichi?

Kukata mkungu wa chikichi ni kazi ya kijana. Anajizungushia kamba yeye pamoja na shina, anapanda na panga, na mkungu anaouangusha unaweza kuzidi kilo 20. Kijiji kikibaki na wazee watupu, chikichi huozea juu, na fedha za mawese, ambazo ndizo chumvi, dawa na karo, hukatika.

Isangi, mahali mto Lomami unapoingia mto Kongo, iliyajua hayo zamani. Biashara ya watumwa na pembe, mpira wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kisha malale vilipukutisha watu. Mwaka 1919 tume ya serikali ya Kibelgiji ilikadiria kuwa wakazi wa Kongo walikuwa wamepungua kwa nusu. Hata hivyo kazi haikupungua. Lever, mfanyabiashara wa sabuni kutoka Uingereza aliyepata mkataba wa mawese mwaka 1911, alitaka wakata chikichi huko Elisabetha, Lokutu ya leo, upande wa chini wa mto kutoka Isangi. Kuanzia 1917 serikali nayo iliwalazimisha wanavijiji kulima mazao iliyoyataka, hadi siku 60 kwa mwaka. Walionusurika wakabebeshwa na mzigo wa waliokufa.

Pigo la pili lilikuwa la kimyakimya. Uchunguzi wa 1955 hadi 1957, uliochambuliwa na mwanademografia Anatole Romaniuk, ulionyesha uzazi mdogo mno katika ukanda mpana wa kaskazini, Tshopo, iliko Isangi, ikiwemo. Wanawake wengi walizeeka bila mtoto hata mmoja, na kisonono kilishukiwa zaidi. Pasipo pensheni, mzee asiye na mtoto hana wa kumlimia, kumchotea maji wala kumlipia dawa. Shuruti haikuponya hilo. Penisilini na matibabu ndivyo vilivyosaidia uzazi kupanda tena.

Leo Wakongomani wanazaa sana, ila kijiji kinaweza kuzeeka katikati ya nchi ya vijana. Kijana wa Isangi anapanda mtumbwi wa injini kwenda Kisangani kutafuta shule na kibarua, na shamba linabaki kwa bibi na babu.

Kumlaumu ni kumwonea. Mawese yake yakipata bei ya haki, barabara ikipitika na zahanati ikiwa na dawa, atakuwa na sababu ya kubaki. Wakuu wa mkoa wanaotaka Tshopo ilishe Kisangani waanzie hapo, kwa mtu mwenyewe, kwani historia ya Isangi imeonyesha kuwa uchumi unaotumia watu bila kuwatunza huishia kukosa wa kuwatumia.