UZI: Rubani wa jeshi na mchuma chai, nani anaweza kugoma?

Juzi kwenye mjadala hapa Kericho mtu alisema: "Wanajeshi wa ndege wakilia mshahara, si wagome tu kama watu wa chai?" Akapigiwa makofi. Wadau, hapo tulidanganyana.

Mchuma chai wa Kericho au Bomet ana Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010: anaingia chama cha wafanyakazi, anagoma. Lakini soma 24(5). Kinaruhusu sheria impunguzie mwanajeshi haki hiyo hiyo, pamoja na ya kuandamana. Kwa hivyo fundi wa ndege akichoka, anapanda ngazi: mkubwa wake, kisha mkubwa wa mkubwa wake. Barua ikilala mezani kwa mtu, imelala.

Na hofu ina historia. Tarehe 1 Agosti 1982, askari wa vyeo vya chini wa Jeshi la Wanahewa walijaribu kupindua serikali. Siasa ilikuwemo, ndio, lakini manung'uniko ya hali yao kambini yalikuwemo pia. Jaribio lilizimwa, na jeshi zima, lililoanzishwa 1964, likavunjwa. Lililofuata liliitwa 82 Air Force, chini ya jeshi la nchi kavu. Jina la zamani lilirudi 1994. Miaka 12 hivi! Halafu tunashangaa mila za vikosi zinafifia.

Mimi sitaki mtu mwenye bunduki agome. Ila ukimnyima mtu mgomo, mpe mlango mwingine. Kwa hivyo mwaniaji akija kwenu kusifu "vijana wetu wa jeshi", muulizeni: malalamiko yao yanasikizwa na nani asiye mkubwa wao, na yanajibiwa baada ya siku ngapi?